Je, silikoni ndiyo inayozikata nywele zangu?

Swali: “Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi nipo Tanga, Makorora. Nywele zangu ni za kipilipili, sijatia dawa mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa natumia shampuu na kondishena za dukani pamoja na siramu, zikawa laini na zinachanika vizuri. Miezi mitano iliyopita wifi yangu akaniambia vitu hivyo vina silikoni, kwamba ni plastiki, inaziba vinyweleo, nywele hazipumui, na mwisho wake ni kipara. Nikaviacha vyote. Sasa naosha kwa sabuni ya mche, mara nyingine naongeza bekingi soda, nasuuza kwa siki, kisha napaka mafuta ya nazi. Maji ni ya kisima cha nyumbani, maana bomba hukatika. Nywele zimekuwa ngumu kama brashi, ncha zina weupeweupe, nikichana zinakatika vipande vipande, na huku mbele kwenye paji zimerudi nyuma. Je, ni silikoni ya zamani bado imeganda? Nifanyeje itoke? Na nimeambiwa josho la mwenye silikoni kichwani halitimii kwa sababu maji hayafiki kwenye nywele. Nina wasiwasi sana.”

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Unachohofia ni kwamba silikoni uliyoipaka zamani imegandia nywele na sasa inazimaliza. Kwa maelezo uliyotoa, sivyo. Miezi mitano ya sabuni ya mche inatosha kabisa kuiondoa. Iliyobaki, kama ipo, ni kidogo mno. Kinachozikata nywele zako leo ni hiyo sabuni yenyewe, bekingi soda, na maji ya kisima. Na huko kwenye paji la uso kuna jambo jingine ambalo halihusiani na vyote hivyo, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nitalifikia.

Nianze na neno plastiki, maana ndilo lililokutisha. Silikoni huanzia kwenye mchanga mweupe wa kwatzi. Kiwandani mchanga huo hupitishwa kwenye moto na hatua kadhaa za kemia, hadi kupatikana kimiminika kinachoteleza, chepesi kama maji au kizito kama asali, kutegemea urefu wa minyororo ya chembe zake. Mnyororo mrefu wa chembe ni kweli ndio umbo la plastiki, lakini ndilo umbo la mpira wa gari, la pamba ya kanga, na la protini ya unywele wenyewe. Kwa hiyo jina hilo halituambii kama kitu kinadhuru. Silikoni inayotumika zaidi kwenye nywele ni dimethikoni. Haiyeyuki kwenye maji na haipenyi ngozi kuingia mwilini. Losheni yenye dimethikoni asilimia 4 hutumika kuua chawa, hata kwa watoto, kwa sababu humfunika chawa tu bila kutumia sumu. Ndugu yake, simethikoni, ndiyo dawa ya matone wanayopewa watoto wachanga wenye gesi tumboni.

Kuhusu kupumua: unywele ulioko nje ya ngozi hauna uhai, wala haupumui. Kilicho hai ni shina lililo chini ya ngozi, nalo hupata hewa na chakula kupitia damu. Vinyweleo viko kwenye ngozi ya kichwa, na siramu haikusudiwi kupakwa hapo. Ukiipaka kwenye ngozi, pamoja na mafuta, jasho na vumbi, ngozi inaweza kuwasha na kuota vipele, lakini kipara hakitoki huko.

Sasa inafanya kazi gani? Litazame paa la makuti. Kila kuti limelalia lililo chini yake, ndiyo maana mvua hutiririka bila kuingia ndani. Unywele nao umeezekwa hivyohivyo kwa magamba membamba yasiyoonekana kwa macho, yaliyolaliana kutoka shinani kuelekea nchani. Shika unywele mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, uvute vidole kutoka shinani kwenda nchani: vinateleza. Virudishe kutoka nchani kwenda shinani: vinakwaruza, kama mkono unaopanda dhidi ya makuti. Unywele mpya unapoota, magamba yake huwa na tabaka la mafuta lililoshikamana nayo kabisa. Dawa ya kunyoosha, blichi, rangi na jua hulibandua, na likishatoka kwenye unywele ule halirudi. Hapo magamba huinuka, hukwaruzana, na kila unapopitisha kitana baadhi yake hung’oka.

Silikoni hutanda juu ya magamba hayo kama utando mwembamba sana na kupunguza msuguano. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwa nywele za kipilipili si urembo tu. Mafuta yanayotoka kichwani hayawezi kuzunguka kila pindo la unywele hadi nchani, na kila pindo ni mahali dhaifu. Nywele zikishikana, zikavutwa, hukatika palepale kwenye pindo. Kinachozifanya ziteleze huzipunguzia kukatika, ndiyo maana uliona zinachanika vizuri. Faida ya pili kwa mtu wa pwani ni unyevu wa hewa: silikoni huchelewesha unyevu kuingia kwa kasi na kuzifumua nywele ulizotoka kuzitengeneza. Neno ni kuchelewesha, si kuzuia. Mvuke wa maji hupita kwenye silikoni, kwa hiyo ule mfano wa mfuko wa nailoni uliofungwa kichwani si wa kweli. Na kwa anayepitisha pasi ya nywele, utando huo hupunguza kidogo kasi ya joto, lakini haukupi ruhusa ya kuzidisha nyuzi 180. Siramu ikauke kwanza ndipo pasi ipite, na usiipake ukiwa umeinamia jiko la mkaa.

Isichofanya, uijue pia. Hailishi nywele, haizikuzi, wala haiungi ncha iliyopasuka. Hapa ndipo kwenye hasara yake ninayoiona kubwa kuliko zote: hukuficha. Unazishika nywele unaona ni laini kumbe ncha zimeshachanika mara mbili tatu, unaendelea na pasi na rangi kwa sababu mkono haukwambii kitu. Siku ukiiacha silikoni, unakutana na hali halisi kwa mkupuo, unadhani ndiyo imeziharibu. Naamini sehemu ya ulichokiona wiki za kwanza ilikuwa hiyo.

Hasara nyingine ni kujazana, na hapo aina ya silikoni ndiyo inayoamua. Geuza chupa usome viambato. Kwa kawaida vya mwanzo ndivyo vingi. Ukiona Dimethicone au Dimethiconol juujuu kwenye orodha, hiyo ni silikoni nzito, inayohitaji shampuu yenye povu la kweli ili itoke. Amodimethicone ina chaji chanya na sehemu ya unywele iliyojeruhiwa ina chaji hasi, kwa hiyo hunasa zaidi penye jeraha, na pakishafunikwa haina pa kunasa tena. Hii hujazana kidogo na ndiyo ningemchagulia mwenye nywele kama zako. Jina likitanguliwa na PEG na tarakimu, kwa mfano PEG-12 Dimethicone, silikoni hiyo imefanywa ikubaliane na maji, huondoka kirahisi, na utelezi wake nao ni mdogo. Yanayoanza na Cyclo, kama Cyclopentasiloxane, ni mepesi, hubeba silikoni nzito kuisambaza na kisha hupaa hewani.

Hizo za Cyclo ndizo zenye hoja ya kweli kuhusu mazingira. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Januari 2020, hauruhusu D4 na D5 (majina mafupi ya silikoni mbili za kundi hilo) kuzidi asilimia 0.1 kwenye bidhaa za kuosha na kusuuza, kwa sababu zikifika majini hudumu muda mrefu. Mwaka 2024 ukapitisha kanuni ya kupanua zuio hilo hadi D6, ya kundi hilohilo, na bidhaa zinazobaki mwilini. D4 inashukiwa pia kudhuru uzazi. Cyclopentasiloxane iliyoandikwa kwenye siramu nyingi ndiyo hiyo D5. Asiyeitaka, achague chupa isiyo na neno Cyclo, zipo nyingi.

Wapo ambao ningewashauri waiache kabisa. Mwenye dredi, kwa sababu huingia ndani ya msokoto na kuitoa ni kazi. Mwenye nywele nyembamba za singa, humlalia kichwani. Asiyetumia shampuu kabisa, anayeosha kwa kondishena peke yake. Na anayetaka kupaka hina aioshe kwanza itoke, la sivyo rangi huweza kushika mabaka. (Tukiwa kwenye hina: ya kweli hutoa wekundu wa kahawia. Ile nyeusi ya haraka aghalabu imetiwa kemikali iitwayo PPD, nayo imewaunguza wengi ngozi kwa malengelenge.)

Turudi Makorora, kwenye beseni lako. Visima vingi vya mwambao vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakikaa humo huyeyusha kalsiamu na magnesi, tukayaita maji magumu. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu huacha kuwa sabuni: hugeuka ukoga mweupe usioyeyuka. Unaujua. Ni ule mduara wa kijivu unaobaki ukutani mwa beseni baada ya kufua, unaokwaruzwa kwa kucha. Ukoga huohuo umekaa kwenye nywele zako. Weupeweupe unaouona nchani ndio huo. Silikoni haiwi nyeupe, haitoki unga. Nywele zilizojazana silikoni huwa nzito, zinateleza kama zina kamasi, maji yanadondoka juu yake bila kuzilowesha upesi, na zinalala. Zako ni ngumu kama brashi. Ni dalili kinyume kabisa.

Hakikisha mwenyewe leo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyo safi, tia maji ya kisima hadi nusu, kwangua sabuni ya mche kiasi cha kujaa ncha ya kijiko cha chai, funga, tikisa mara ishirini. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua au ya bomba kwenye chupa nyingine. Chupa yenye povu zito juu na maji mepesi chini ina maji laini. Ile yenye povu haba na maji ya maziwa yenye vibonge vinavyoelea ina maji magumu. Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na maji ya mto kwa kawaida huwa laini kuliko ya kisima cha matumbawe, kwa hiyo nategemea utaona tofauti.

Juu ya ukoga kuna ukali. Unywele hupenda mazingira ya uchachu kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni ukali kama wa magadi). Sabuni ya mche iko kwenye 9 hadi 10, bekingi soda kwenye 8 na kitu. Ukiuloweka humo, unywele huvimba na magamba huinuka, ukiuchana wakati huo umeng’oa makuti. Siki nayo hulegeza chokaa, lakini haiyeyushi silikoni hata tone, na isipozimuliwa huunguza ngozi iliyokwaruzika. Ndimu usiitumie kabisa: maji yake yakibaki kwenye paji na jua likakupiga, huacha madoa meusi au malengelenge.

Fanya hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, gawa nywele kavu mafungu manne, paka mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha chakula kila mafungu mawili, ukisisitiza nchani, kisha funga mabutu legelege. Mafuta ya nazi, tofauti na mafuta mengi, huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ndiyo maana kazi yake iko kabla ya maji zaidi kuliko baada. Asubuhi lowesha, kisha chukua shampuu yenye Sodium Laureth Sulfate. Ukipata iliyoandikwa pia Disodium EDTA au Tetrasodium EDTA ni bora zaidi, kwani hiyo hukamata kalsiamu. Vijiko viwili vya chakula kwenye kikombe cha maji, mimina, sugua ngozi ya kichwa kwa nyama za vidole, si kucha, na povu literemke lenyewe hadi nchani. Usizifikiche nywele kama nguo. Rudia mara moja. Ukilazimika kutumia maji ya kisima kuanzia, sawa, lakini lita tatu hadi nne za mwisho ziwe za bomba ulizokinga au za mvua. Kama weupe bado upo, siki vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji, iache dakika mbili, suuza.

Kondishena ni lazima, si ya hiari. Vijiko vitatu au vinne, yenye Behentrimonium Chloride au Cetrimonium Chloride. Ukiona Cetearyl Alcohol usishtuke, hayo ni mafuta mazito kama nta, si kileo wala hayakaushi. Iache dakika tano, fumbua mafundo kwa vidole, ndipo upitishe chanuo lenye meno mapana, ukianza nchani na kupanda kidogo kidogo. Suuza. Usisugue kwa taulo. Kanga kuukuu iliyolainika ndiyo nzuri, ikandamize tu. Zikiwa bado mbichi, siramu matone manne hadi sita kwa kichwa kizima, paka viganjani kwanza, kuanzia katikati ya nywele hadi nchani, ngozi usiiguse. Ukitumia kijiko, umezidisha.

Osha kila baada ya siku saba hadi kumi. Shampuu hiyo kali irudi kila mwosho wa tatu au wa nne, mingine tumia nyepesi, yenye Cocamidopropyl Betaine ikiwa miongoni mwa viambato vya mwanzo. Mwosho mmoja hautoi ukoga wote wa miezi mitano, mitatu hivi. Ncha zilizopasuka zikatwe, sentimita mbili au tatu, kwa mkasi wa nywele na si wa jikoni. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, utazirudisha.

Kama hata baada ya maelezo haya moyo wako haujaitaka silikoni, unaweza kuishi bila hiyo. Kondishena yenye viambato nilivyotaja hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kutelezesha, na tone la mafuta ya nazi juu yake hukamilisha. Utakachokosa ni utelezi wa kudumu hadi mwosho ujao, kwa hiyo chana nywele zikiwa na kondishena tu, kamwe si kavu. Lakini usirudi kwenye sabuni ya mche. Hiyo ibaki ya nguo.

Kuhusu josho, hukumu mwulize shehe wako, kwa kuwa si fani yangu. Nikupe upande wa kemia ili umweleze kwa usahihi: utando huo ni mwembamba kuliko hata gamba la unywele, hautandi sawasawa kila mahali, na haugeuki ganda kama rangi ya kucha. Maji huteleza mwanzoni, kisha nywele hulowa ukizipenyeza vidole. Ukioga baada ya kuosha kwa shampuu, kilichobaki ni kidogo zaidi.

Sasa lile la paji. Nywele zinazorudi nyuma kwenye kingo za uso, huku katikati zipo, kwa kawaida ni za kuvutwa: rasta zilizokazwa, mabutu ya kila siku mahali pamoja, au kofia ya ndani ya mtandio yenye lastiki ngumu inayokaa palepale asubuhi hadi jioni. Hukuniambia unasuka nini, kwa hiyo jikague. Ukisuka, je, kichwa huuma usiku ule? Huota vipele vidogo vyeupe kwenye mashina? Basi msusi anakaza mno. Mwambie alegeze, au pumzika na misuko miezi mitatu, na kofia iwe ya kitambaa laini kisicho na lastiki. Mapema hivi nywele hurudi. Ngozi ikishakuwa laini inayong’aa bila matundu ya vinyweleo, shina limekufa, na hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayoliotesha.

Ndiyo sababu nataka uonwe ana kwa ana, usingoje. Nenda ukiona ngozi inang’aa hivyo, upara unaoanzia utosini na kupanuka, usaha, maumivu, mabaka ya mviringo, au nywele zinazotoka na mzizi wake kwa mafungu badala ya kukatika. Uliyejifungua miezi mitatu iliyopita, nywele nyingi kutoka ni kawaida na huisha zenyewe. Nje ya hapo, uchovu pamoja na nywele kutoka huhitaji kupimwa damu. Mtoto nyumbani akiwa na mapunye, yanatibiwa kwa vidonge, si kwa krimu. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Bombo. Wakiona inafaa watakuelekeza kwa madaktari wa ngozi, na Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Siku ya kwenda, fumua misuko yote, usipake mafuta wala siramu, na beba chupa na makopo yote unayotumia pamoja na ile kofia ya ndani ya mtandio.